Bustani ya Kapteni Sulaimani

Namuwongo, Kampala
5 Septemba 1976

Dada yangu Santina,

Barua hii inakufikia ndani ya furushi la Mama Kahambu, yule mama kutoka Beni, Zaire, anayeuza vitenge hapa Kansanga na kufuata mali Kisumu. Ukimwona mlangoni amenuna usiogope, ndivyo alivyoumbwa. Mpe chai yenye sukari ya kutosha, maana huku sukari tumeanza kuisahau, naye ataniletea majibu yako. Mimi mzima. Kifua kilichonisumbua wakati wa mvua kimepoa. Shemeji Obonyo anaendeleaje na reli yake? Na mpwa wangu Alum bado anatafuna penseli? Mwambie mjomba wake alizitafuna hivyo hivyo mpaka akawa mchoraji.

Habari kubwa ni kwamba nimepata kazi. Kambi moja ya jeshi, jina lake tuliache, inataka picha ukutani katika ukumbi wa kulia wa maofisa. Mkuu wa Nchi akae katikati, na watu wa kambi wamzunguke, kila mtu na sura yake. Nilipoambiwa hivyo nilicheka moyoni, kwa sababu picha hiyo naijua. Unamkumbuka Ustadi Karimbhai, aliyeniajiri kutia rangi picha za harusi studioni kwake? Mwaka ule Wahindi walipofukuzwa alinipa vitu ambavyo havikuenea kwenye sanduku lake: jiwe la akiki la kulainishia karatasi, brashi za manyoya ya kindi, na picha za wafalme wa Moghul waliotawala India zamani, nyingine hazizidi kiganja. Mfalme amekaa juu, mawaziri na majemadari wamesimama kwa vyeo, na hakuna nyuso mbili zinazofanana. Halafu chini kabisa, pembeni, kuna kijitu kimeshika karatasi. Huyo ni mchoraji mwenyewe. Ustadi alikuwa akinigonga kichwani na kalamu: "Tazama, Odur! Mufalme iko kubwa, fundi iko dogo, lakini yote mbili iko ndani."

Basi nikaanza na Mkuu, nikamchora kwa upande kama wale walivyowachora wafalme wao, jicho moja, sikio moja, na duara la dhahabu nyuma ya kichwa. Kapteni Sulaimani, msimamizi wa ukumbi, akaja kutazama. Akainamisha kichwa kushoto, akainamisha kulia.

"Wewe fundi, sikio ingine iko wapi?"

"Iko upande ile ingine, afande."

"Upande gani? Nyuma ya ukuta? Unataka watu wanasema Mukubwa iko na sikio moja?"

Siku hiyo hiyo nikamgeuza akatazama mbele. Dhahabu waliniachia, waliipenda.

Mdogo wetu Komakech yuko kwenye bendi ya kambi hiyo hiyo. Mashavu yamenenepa kwa kupuliza tarumbeta. Naye atakuwamo pichani, nimeshamtafutia nafasi nzuri karibu na dirisha.

Mdogo wako,
Odur


Kisumu
10 Oktoba 1976

Odur mdogo wangu,

Mama Kahambu amefika, amenuna kama ulivyosema, na kwenye kikombe cha pili akacheka. Sisi wazima. Obonyo anakusalimu, anasema reli inagombaniwa na serikali tatu na mshahara unachelewa kama treni zake. Alum ameng'oka jino, ananiamuru nikuandikie hilo kabla ya mengine yote.

Sasa nisikilize. Komakech ameniletea barua. Anasema mnafanya kazi kambi moja, na wewe unampita kama mtu anavyopita nguzo ya simu. Anasema alikuita siku moja mbele ya wenzake, ukageuza uso. Mtoto yule Mama alimwacha bado ananyonya. Mimi nimempikia uji, wewe umembeba mgongoni mpaka watu wakakucheka, mvulana mzima na mtoto mgongoni. Leo umekuwa fundi wa wakubwa, ndugu yako unamwonea aibu?

Nijibu, na usinizungushe na habari za wafalme wa India. Nimekuwekea sukari na sabuni. Nimekasirika, lakini usikae bila sabuni.

Dada yako,
Santina


Namuwongo
20 Novemba 1976

Dada Santina,

Sabuni imefika, sukari imefika, na makaripio yamefika yote, hakuna hata moja lililopotea njiani. Asante kwa vyote. Jino la Alum nimelisherehekea kwa chai ya kwanza tamu tangu mwezi wa nane.

Kuhusu Komakech. Unajua watu wetu wa kaskazini wanavyotazamwa jeshini tangu serikali ya mtu wa kwetu ipinduliwe. Yeye amebakizwa kwa sababu ya pumzi yake. Hawana mwingine anayeweza kupiga nyimbo zao. Kwetu kila mtoto hupewa jina lake mwenyewe, na jina la baba halitufungi pamoja. Kwa hiyo kambini mimi ni fundi Odur, yeye ni Komakech wa tarumbeta, na hakuna aliyebaki anayejua tumenyonya ziwa moja. Mmoja wetu akikamatwa, nataka mwingine abaki nje awe wa msaada. Nilimweleza hivyo mara moja, kwa haraka. Akanuna. Anadhani ni maringo. Dada, kumpita bila kumsalimu kunaniuma kuliko kunavyomuuma yeye, lakini nitaendelea kumpita.

Kuna jambo jingine, nalo si la kuandika kwa posta. Sajini Ongom hayupo tena. Alichukuliwa na gari, mkewe akaambiwa amehamishwa, na anakohamishiwa hakuambiwa. Kesho yake Kapteni akaja ukutani akaweka kidole kwenye uso wa Ongom.

"Hii mutu hayuko tena. Toa yeye. Weka maua."

Nikaweka chungu cha maua. Tangu hapo ameninyooshea kidole kwa wengine wawili. Wageni wakija wanasema ukumbi umependeza, Kapteni anajua kupamba. Wafalme wa Moghul nao walipenda maua kwenye pembe za picha zao, kwa hiyo hakuna anayeshangaa isipokuwa mimi.

Hivyo ukiniandikia kwa posta, usiulize habari za ndugu yetu. Uliza habari za bustani. Nikisema mti wangu wa dirishani umesimama, jua Komakech yupo na anapuliza.

Ni mimi,
Odur


Kisumu
12 Desemba 1976

Odur,

Tumepona malaria wote, Obonyo ndiye aliyelia zaidi. Alum amekuchorea ng'ombe, yumo ndani ya bahasha. Ana miguu mitano, usimsahihishe.

Habari za Komakech nimekuelewa, na kwa yale niliyokusema unisamehe. Ila la maua linanikosesha raha. Ongom! Ongom aliyekuwa akila kwetu kambini Jinja Baba alipokuwa bado askari, aliyembeba Komakech mabegani siku ya gwaride ili aione bendi. Kama si yeye, mtoto yule asingeijua tarumbeta. Na mkono uliomfuta ni huu wa mtoto wa mama yangu? Wamemwua mara moja, wewe ukamwua mara ya pili, kwa brashi?

Ungeweza kusema unaumwa. Ungeweza kuvunja kidole. Sijui ungeweza nini, mimi niko mbali na nakunywa maziwa, rahisi kwangu kusema. Lakini mkewe akija akatazama ukuta ule akaona chungu cha maua, utamwambia nini?

Sukari ni ile ile. Pasaka njoo kwetu ukipata njia.

Santina


Kampala, kwa posta
15 Januari 1977

Dada mpenzi,

Heri ya mwaka mpya kwako, kwa shemeji na kwa watoto. Ng'ombe wa Alum nimembandika juu ya kitanda. Mguu wa tano ndio unaomfanya asianguke, mwambie nimesema mimi.

Bustani inaendelea. Maua yameongezeka kuliko nilivyotaka. Mti wangu wa dirishani umesimama imara na unavuma vizuri asubuhi.

Uliloniuliza kuhusu mkono wangu siwezi kukujibu, si kwa karatasi hii wala kwa nyingine. Si kwamba sina jibu. Unifikirie vibaya kidogo kama ni lazima, lakini usiache kuniandikia.

Juzi nimejichora na mimi, pembeni chini, mdogo kama paka, vile vile Ustadi alivyonifundisha. Wale wa zamani walijichora wameshika karatasi au kalamu. Mimi nimeshika kitambaa. Kapteni akauliza kitambaa ni cha nini, nikamwambia ni cha kupangusia brashi, akaridhika.

Mdogo wako anayekupenda,
Odur


Kansanga
24 Februari 1977

Dada Santina,

Aliyekupa barua hii ndiye mwenyewe. Mshike kwanza, umlishe, kisha urudi usome.

Habari za kifo cha askofu mkuu mwezi huu umezisikia redioni. Watu wa kwetu wanakusanywa. Juzi nilikuwa ukumbini nikimalizia dari, na nje ya dirisha bendi ilikuwa ikifanya mazoezi. Kapteni akaingia ameshika fimbo yake. Jumamosi kuna wageni wakubwa, akasema, na picha lazima iwe safi. Akaweka fimbo kwenye uso wa Komakech.

"Huyu wa tarumbeta, toa yeye. Weka maua."

"Leo, afande?"

"Leo. Rangi inataka kukauka, au namna gani?"

Dada, mpaka siku hiyo kila niliyeambiwa nimtoe alikuwa ameshachukuliwa. Safari hii Kapteni, kwa haraka yake ya wageni, alikuja kwangu kabla Komakech hajachukuliwa. Nami namsikia pale nje, anapuliza, anakosea mahali pale pale anapokosea siku zote, anaanza tena. Nilidhani Kapteni ataondoka. Akavuta kiti akakaa. Kwa hiyo nilichanganya rangi nikamwekea mdogo wangu ua usoni huku nikimsikiliza, petali moja moja, shavu, pua, jicho. Machozi yakanitoka, nikasema ni tapentaini.

Alipotoka nilibeba ndoo nikapita uwanjani, bendi inafungasha vyombo. Nikaangusha brashi miguuni pa Komakech. Akainama kuiokota, maana hata akinuna bado ana adabu uliyomfundisha wewe. Nikamwambia chini chini, kwa lugha ya nyumbani: acha tarumbeta, toka kama unakwenda chooni, nenda kwa Mama Kahambu, usirudi. Nikachukua brashi nikaenda zangu. Hata hapo sikumsalimu.

Mama Kahambu amemvalisha shati la mumewe na kumtwisha furushi. "Ye anyamaze tu," amesema. "Mi nitasema ni shemeki yangu, hasemake. Akifungua kinywa, wote tunakufa." Kwa sababu Kiswahili cha Komakech ni cha kambini, na cha Beni hakijui.

Mimi siji. Nikiondoka wiki moja naye, watajua nani alimwambia, na Mama Kahambu wataanza kumtafuta. Tena ukuta ule una watu ambao siwezi kuwaacha peke yao. Najua halieleweki. Nakupenda sana, dada. Watoto uwabusu.

Odur


Kisumu
9 Machi 1977

Odur wangu,

Amefika. Nasema tena, amefika. Alisimama mlangoni na furushi kichwani, nikamwita, hakujibu. Nikamtikisa, hakujibu. Nikadhani wamemkata ulimi, nikapiga kelele mpaka majirani wakatoka. Kumbe Mama Kahambu hakuwa amemruhusu! Alipomwambia "semaka sasa," mtoto yule akakaa chini akalia, na neno lake la kwanza nyumbani mwangu lilikuwa: "Hata siku ile hakunisalimu."

Anakula vizuri. Obonyo anamtafutia kazi ya kupakia mizigo stesheni. Alum amempa pembe ya ng'ombe apulize, tunateseka wote.

Barua yako nimemsomea. Nilipofika pale pa petali alisimama akaenda nje. Akarudi akasema, "Mwambie nilijua nakosea mahali pale."

Kuhusu mkono wako nimenyamaza. Nikishika barua hii sijui nikubariki au nikuchape. Lakini wewe ukuta umeuoa? Nyuso hazipo tena pale, umezifunika mwenyewe, unawalinda akina nani? Toka, Odur. Namwomba Mungu na nakuomba wewe, toka.

Dada yako,
Santina


Kisumu, kwa posta
2 Agosti 1978

Odur mdogo wangu,

Hii ni barua nyingine bila jibu. Mama Kahambu amerudi kwao Beni, haji tena. Sisi wazima, Alum anasoma darasa la tatu, Komakech amenunuliwa tarumbeta ya zamani na kanisa na anapiga Jumapili. Kila wimbo ukiisha hutazama mlangoni.

Bustani inaendeleaje? Sihitaji barua ndefu. Andika neno moja tu, au chora ng'ombe. Hata mguu wa ng'ombe.

Santina


Namuwongo, Kampala
6 Mei 1979

Dada yangu Santina,

Ni mimi. Soma kwanza mstari huu, ulie, kisha uendelee. Nipo hai, nimekonda, na mvi zimeingia bila ruhusa. Barua zako zilinifikia zote, zimefunguliwa, nami niliogopa kujibu kwa sababu kila neno la kwenda Kenya lilikuwa likisomwa kabla halijaondoka. Baada ya Komakech kutoroka niliitwa, nikaulizwa. Nilijibu upumbavu mpaka wakachoka. Kidole kimoja hakikunjiki tena. Ni cha mkono wa kushoto, dada, usianze.

Sasa nikujibu lile la mkono.

Ustadi Karimbhai alinifundisha kusaga rangi kama wachoraji wa Moghul walivyosaga: rangi ya unga na gundi ya mgunga, na maji. Rangi hiyo ni nzuri sana ila ina adui mmoja: ikikauka kisha ikaguswa na maji, hutoka. Nyuso za ukuta ule nilizichora kwa rangi ya mafuta, nikazipaka vanishi. Maua yote niliyachora juu yake kwa rangi ya gundi. Ongom sikumfuta. Hakuna hata mmoja niliyemfuta. Nilimfunika kila mmoja, nikakaa karibu, nikiomba asije mtu na kitambaa kibichi.

Akaja. Phelister, anayesafisha ukumbi, alikuta mchuzi umerukia chungu kimoja, akakipangusa. Nilikuwa mlangoni. Ua likayeyuka, na jicho la mtu likamtazama. Kisha akakikamua kitambaa chake na kuniambia, "Fundi, hii kwangu sipangusi na maji. Ni manyoya ya kuku tu." Jioni nikalirudisha ua. Hatukulizungumza tena mpaka juzi. Ningekuandikia hayo vipi? Ulinikasirikia kwa haki, nami nilitamani hasira yako ibaki, ilikuwa inathibitisha kwamba kazi yangu inadanganya vizuri.

Ustadi alisema kulikuwa na mfalme mmoja, Jahangir, aliyejisifu kwamba akionyeshwa nyusi tu anajua ni mkono wa mchoraji gani. Bahati yetu Kapteni hakuwa na jicho hilo. Mwaka jana akaja ofisa mwingine, akaweka kidole kwenye uso wa Kapteni Sulaimani mwenyewe. "Weka maua." Nikaweka.

Wiki tatu zilizopita askari walikimbia. Watu wakaingia kambini wakabeba viti, sufuria, hata vioo vya madirisha. Ukuta haubebeki. Nikaenda na ndoo ya maji, Phelister akaja na vitambaa, tukaanza na Ongom. Dada, alitoka mzima, na ule mkunjo wa kicheko kando ya mdomo. Nilimwita mkewe. Hakulia. Aliweka kiganja kwenye shavu la picha, halafu akaniuliza kama anaweza kuja tena kesho na watoto. Sasa wanakuja kila siku, watu wa mbali, wanauliza kama mtu wao yumo. Wengine hawamo, na hapo sina la kuwapa.

Kwa Kapteni Sulaimani nilisita. Nilizunguka ndoo mara nyingi. Nikakumbuka kwamba ana mke na watoto wawili, nao hawajaambiwa kitu kama wengine wasivyoambiwa. Nikampangusa. Walikuja Ijumaa, wamesimama nyuma kabisa kwa aibu, na mke wa Ongom ndiye aliyewasogeza mbele.

Bustani imekwisha. Limebaki ua moja, la karibu na dirisha, na hilo sikuligusa. Lina mtu wake, naye yuko kwako Kisumu anatazama mlango wa kanisa. Mwambie aje alifute mwenyewe. Kitambaa kile nilichoshika pichani nilikishika kwa ajili hii, na cha kweli nimekifua, kinamsubiri.

Mwambie pia asipite nyuma. Aingie kwa lango kubwa, mchana, akatize uwanja wa gwaride watu wakiwapo, na aje na tarumbeta yake. Mimi nitakuwa nimesimama pale katikati, na nitamsalimu kwa sauti, nimsalimu tena na tena, mpaka yeye mwenyewe aniambie imetosha.

Ni mimi, yule mdogo wa pembeni,
Odur